Kulala Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa usalama: mwongozo kamili kwa msafiri anayetoka Lubumbashi

Wafanyabiashara wa Lubumbashi tunaijua njia ya Dar es Salaam kama tunavyoijua njia ya soko la Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi. Tunavuka Kasumbalesa, tunaikata Zambia, tunaingia Tunduma, na siku chache baadaye tuko Kariakoo tunahesabu marobota. Siku hizi wengi wetu, mzigo ukishafungwa na lori likiwa linangoja karatasi zake, tunapanda boti kwenda kupumzika Unguja siku mbili tatu. Na karibu kila mtu anataka kulala Mji Mkongwe, karibu na bahari, ndani ya zile nyumba za zamani zenye milango ya nakshi.

Kinachotuponza ni lugha. Mfanyabiashara wetu akienda Guangzhou anakuwa macho kutwa nzima, kwa sababu hasikii neno hata moja. Unguja anasikia Kiswahili kila kona, anaitwa ndugu, anakaribishwa chai, na moyo unalegea. Lakini nyumba atakayolala haifanani na nyumba yoyote aliyowahi kuijua kwetu. Sisi ni watu wa tofali la kuchoma, bati na lupango, yaani kiwanja cha nyumba, lenye geti. Kule ni jumba la ghorofa tatu lenye umri kupita babu zetu, ngazi nyembamba, giza, na mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye kichochoro.

Mara yangu ya kwanza umeme ulikatika nikiwa katikati ya ngazi. Nilianguka vipandio vitano na kifundo cha mguu kikavimba wiki mbili. Tangu hapo nimelala Mji Mkongwe mara nyingi, na karibu kila hatari iliyonikaribia ilitoka kwenye nyumba yenyewe, mara chache sana kwa mwizi. Kwa hiyo nitakaa sana ndani ya nyumba, na mengine nitayapita haraka.

Hatua ya kwanza: ijue nyumba kabla ya kuilipia

Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalijengwa karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Sakafu zake zinabebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko yaliyopangwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba kama behewa. Kuta ni nene sana, na mtu akiziona anadhani haziwezi kutikisika.

Ukuta wa chokaa unanyonya maji na kuyatoa. Ubaya unaanza maji yanapoingia na kukosa pa kutokea. Paa linavuja mwaka wa kwanza, mwenye nyumba ananyamaza. Bomba la bafu la ghorofani linapasuka ndani ya ukuta. Fundi anapiga lipu ya saruji juu ya chokaa ili nyumba ionekane mpya, na unyevu unafungiwa humo. Ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza taratibu, huku chumba kimepakwa rangi nyeupe na kinapendeza machoni.

Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizuii ukuta kuanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili walikufa. Jumba lile ndilo lililokuwa likitazamwa kuliko yote mjini. Sasa fikiria nyumba ya kichochoroni ambayo hakuna anayeitazama.

Basi kabla ya kutuma pesa, ongea na msimamizi wa nyumba kwa WhatsApp na umwombe video, si picha. Picha nzuri inapigwa siku moja na kutumika miaka kumi. Mwambie aanze mlango wa mtaani, apande ngazi zote bila kukata, afike chumbani, aelekeze simu darini, kisha afungue dirisha aonyeshe kuna nini nje. Msimamizi mwaminifu anaimaliza kazi hiyo kwa dakika tatu. Akikuambia atatuma kesho, kisha kesho kutwa, tafuta nyumba nyingine.

Katika video tazama vitu hivi: ngazi zina mahali pa kushika au hazina? Dari ina madoa ya kahawia kama ya chai iliyomwagika? Jengo la jirani ni nyumba ya watu au ni gofu, yaani jumba bovu lililoachwa? Gofu la jirani ni jambo zito. Majumba haya mengi yamegandana, ukuta mmoja unatumiwa na nyumba mbili, na gofu lisilo na paa linakunywa mvua zote na kuzipeleka kwenye ukuta wa kitanda chako. Mimi silali kwenye chumba kinachoshiriki ukuta na gofu, hata wanipunguzie bei nusu.

Muulize pia kuhusu leseni. Nyumba za wageni Zanzibar zinapewa leseni na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, na mwenye leseni hachukii kuulizwa. Ukipanga nyumba ya mtu binafsi, uliza ni shehia gani, na kama sheha anajua kwamba pale wanalala wageni. Sheha ni kiongozi wa mtaa, kama kwetu chefu wa avenue, na nyumba inayojulikana kwa sheha ina mtu wa kuiulizia yakitokea maneno.

Pesa usizitume zote. Toa kianzio kidogo, usiku mmoja tu, na kingine ulipe ukishaona chumba kwa macho yako. Dada mmoja wa Kamalondo, jirani yangu, alilipia siku nne kwa mtu aliyempata kwenye intaneti. Alipofika mtaani, nyumba ilikuwepo kweli, na mlango ni ule ule wa pichani, lakini wenyewe ni familia inayoishi na watoto wao, haijawahi kupangisha mtu. Alilia pale barazani, na wenye nyumba, Mungu awabariki, walimpa maji na kumsindikiza kwenye nyumba ya wageni ya halali.

Jambo la mwisho kabla ya kuchagua tarehe ni mvua. Masika inapiga kati ya Machi na Mei, na vuli inakuja karibu Oktoba hadi Desemba. Masika bei zinashuka, na wengi wetu tunakimbilia punguzo hilo. Lakini ndiyo miezi nyumba kuukuu zinapobeba maji mengi na lipu inaanza kudondoka. Ukiwa na hiari ya kuchagua, nenda Juni hadi Septemba, kipindi chetu cha baridi na kule hewa ni kavu na nzuri. Ikibidi kwenda masika, lipa zaidi upate nyumba iliyokarabatiwa vizuri.

Hatua ya pili: karatasi, pesa na vitu vya kubeba

Pasipoti na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano vikae pamoja. Kongo imo katika nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo kadi utaulizwa, na chanjo inahesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa. Usichome siku ya safari. Zanzibar ina ukaguzi wake wa uhamiaji pale bandarini, hata kama umeshagongewa muhuri Tunduma, kwa hiyo pasipoti usiiache Dar kwenye mzigo. Tena, toka tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawadai wageni wa kutoka nje ya Tanzania bima ya safari, ambayo bei yake ilipangwa kuwa dola 44 kwa mtu mzima. Soma masharti yaliyopo wiki ya safari yako, uone yanamgusaje mwenye pasipoti ya Kongo, ili usije ukakwama bandarini na watoto juani.

Sisi tumezoea kulipa kwa dola hata mkate. Tanzania ilitoa kanuni mwezi Machi 2025 zinazokataza bei kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Badilisha benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, ukapewe risiti, na ukae na shilingi. Anayekuita pembeni kukubadilishia kwa bei nzuri zaidi hakutakii mema. Dola zako zigawe sehemu tatu, zisikae mfuko mmoja na pasipoti.

Vitu vidogo vinavyookoa: tochi, si ile ya simu peke yake, kwa sababu simu itakuwa na chaji asilimia nne usiku utakaoihitaji. Kabari ya mbao ya kusukuma chini ya mlango, fundi seremala yeyote wa Katuba atakukatia kwa pesa ya soda. Kadena yako mwenyewe, ambayo kule ukiita kadena hawatakuelewa, sema kufuli. Na adapta ya plagi. Chaja zetu zina vidole viwili vya duara, matundu ya kule ni ya pini tatu bapa za mtindo wa Uingereza. Nimeona watu wetu wakichokonoa tundu la juu kwa kalamu ili vidole viwili viingie. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Waya za nyumba kuukuu hazitabiriki, na tundu lililolegea linatoa cheche usiku watu wamelala.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006 na Tanzania Bara ilifuata mwaka 2019.

Hatua ya tatu: kuvuka bahari

Tiketi nunua dirishani kwenye ofisi ya boti, si kwa vijana walio nje, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukiona watu wamejaa hata njia ya kupita haipo, shuka, panda inayofuata. Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama ikiwa imejaza kupita kiasi na zaidi ya watu 200 walikufa. Julai 2012 ikazama Skagit, iliyotoka Dar. Boti ziendazo kasi za leo ni bora kuliko zile, lakini kukataa kupanda chombo kilichojaa ni haki yako siku zote.

Saa nazo zinachanganya. Unguja iko saa moja mbele ya Lubumbashi. Halafu sisi wengi tunataja saa kwa Kifaransa, wao wanahesabu kutoka alfajiri, na saa moja asubuhi ni ile tunayoiita *sept heures*. Ukiambiwa msimamizi atakungoja saa mbili, uliza: ya asubuhi au ya usiku? Na urudie kwa tarakimu za simu. Panga kufika mchana. Mtu anayeshuka Malindi, pale bandarini Unguja, jua limezama, na begi kubwa, bila kuijua njia, amejiweka pabaya mwenyewe.

Hatua ya nne: kutoka bandarini hadi mlangoni

Ukitoka getini utakutana na vijana wanaotaka kukubebea begi, kukuonyesha hoteli, kukupa ziara ya viungo. Wenyeji wanawaita papasi, jina la mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Wengi wao wanatafuta riziki tu, na hawana ubaya zaidi ya usumbufu. Ila akikuambia "ile nyumba yako imefungwa, nikupeleke nyingine," usiamini kabla hujampigia msimamizi. Jibu zuri ni fupi na la adabu: "Ahsante kaka, napokelewa." Endelea kutembea. Ukisimama kueleza, umeanza biashara.

Mwombe msimamizi akufuate bandarini. Ni jambo la kawaida, nyumba nyingi zinafanya hivyo, kwa sababu gari halifiki milango mingi ya Mji Mkongwe. Sisi tumezaliwa katika mji wa njia zilizonyooka, uliopimwa kwa rula mwaka 1910. Unasema avenue fulani, namba fulani, mtu anafika. Kule kichochoro kinapinda, kinagawanyika, kinakurudisha ulipotoka, na simu ikiwa katikati ya kuta ndefu inapoteza mahali ulipo. Mkiwa mnatembea na msimamizi, usizungumze sana. Hesabu kona. Shika alama: msikiti, duka la vitabu, mlango wa buluu, mti. Ukifika, muulize mtu wa kule angemwelekezaje mwenzake. Atakuambia mtaa, kisha msikiti wa karibu, kisha nyumba ya nani. Hiyo ndiyo anwani ya kweli. Iandike kwenye karatasi pamoja na namba ya simu ya msimamizi, na karatasi ikae mfukoni, siyo kwenye simu.

Ukipotea, na utapotea, usihangaike. Mji wenyewe ni mdogo. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni barabara kubwa inayopita soko la Darajani. Tembea upande mmoja tu bila kubadili nia na utatokea kwenye kimojawapo. Ukitaka kuuliza, uliza mwenye duka au mama aliyekaa mlangoni, siyo kijana anayekufuata.

Hatua ya tano: dakika ishirini za kwanza ndani ya nyumba

Hapa ndipo ninapowaomba msiwe na haraka. Umechoka, unataka kuoga, kitanda cha besera kinakuita. Weka begi chini, usilifungue bado, kwa sababu mtu aliyekwisha kufungua begi haombi tena kubadilishiwa chumba.

Anza na ukuta. Simama kwenye kona na uangalie kwa ubavu, kama fundi anavyokagua ubao. Ukuta uliotoa tumbo ni mbaya kuliko ukuta wenye ufa mwembamba. Ufa mwembamba wa lipu ni kitu cha kawaida. Ufa unaoingiza ncha ya ufunguo, ulio mpana juu na mwembamba chini, au unaopita kutoka kona ya dirisha hadi darini, si wa kawaida. Upige picha ukiwa umeweka ufunguo pembeni ili ukubwa uonekane. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi uutazame tena. Ukikuta umepanuka, au vumbi la chokaa na vipande vidogo vimeanguka kitandani, hama siku hiyo hiyo.

Tazama juu. Boriti zikionekana, angalia pale zinapoingia ukutani. Rangi nyeusi yenye unyevu, au unga wa mbao chini sakafuni, maana yake kuna kuoza au wadudu. Sakafu ikiyumba ukitembea katikati, usijaze watu wanne na mabegi ya bidhaa chumbani. Sisi tuna tabia ya kulala na mzigo wetu. Robota la vitenge lina uzito, na boriti za mikoko zilikadiriwa kubeba watu na vitanda. Mzigo uache ghala la Dar.

Ngazi. Panda na ushuke mara mbili ukiwa umewasha taa, mara ya tatu ukiwa umezima na kushika tochi. Vipandio vya majumba haya ni virefu na vyembamba, wala havilingani. Kimoja kinaweza kuwa kirefu kuliko vingine, na hicho ndicho kilichoniangusha mimi. Vihesabu. Mama mzee au mtoto mdogo akiwemo katika safari, omba chumba cha chini hata kama hakina mandhari.

Kisha jiulize: moto ukiwaka jikoni, natokea wapi? Swali hili kwetu halina shida, mtu anaruka dirisha yuko lupangoni, yaani uani kwake. Kule madirisha ya chini mengi yana nondo, ya juu yako ghorofa ya tatu, na ngazi ni moja tu, inapita katikati ya nyumba kama bomba la moshi. Gari la zimamoto haliwezi kuingia vichochoro vingi. Kwa hiyo dakika za kwanza ni zako peke yako. Uliza kama kuna njia ya pili: paa la jirani, mlango wa uani, ngazi ya nyuma. Nenda ukaione, uguse kitasa, uone kama inafunguka. Mlango mkubwa wa mtaani unafungwa usiku kwa komeo na kufuli. Uliza ufunguo unakaa wapi, na usikubali jibu la "mlinzi anao" kama mlinzi analala mtaa wa pili. Ufunguo wa chumba chako ukishafunga ndani, uache tunduni au uutundike msumarini karibu na mlango.

Dawa ya mbu ya kuwasha iweke kwenye sahani ya bati, mbali na pazia na chandarua. Bora zaidi, tumia chandarua peke yake. Pasi na jiko la umeme usichomeke kwenye waya wa kuunganisha uliokwisha kubeba feni na friji. Ukishika plagi ukaona imepata joto, ichomoe. Ukisikia harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua na hakuna anayepika, zima swichi kubwa kwanza, kisha ndiyo uulize.

Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara. Waya huo ulipoharibika mwaka 2008 watu walikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 tena takriban miezi mitatu. Mambo yamekuwa mazuri zaidi tangu hapo, na sisi wa delestaji, yaani mgao wa umeme, hatuogopi giza. Ninachotaka uulize ni jenereta. Kwetu kila baridi ya Juni na Julai tunazika watu waliolala na mbabula, jiko la makaa, chumbani. Tunajua moshi usioonekana unavyoua. Jenereta iliyowekwa kwenye ua wa ndani wa jumba la Mji Mkongwe inafanya kazi ile ile, kwa sababu ule ua umezungukwa na kuta ndefu pande zote na moshi unapanda kuingia vyumbani. Jenereta iwe nje au juu ya paa pa wazi. Ikiwa uani chini ya dirisha lako, kataa chumba.

Roshani za mbao ni nzuri kwa kutazama. Usiziegemee, usianike shuka zito juu yake, wala usipige picha watu watano mmejazana. Kule juu ya paa, ambako nyumba nyingi wameweka meza za chai, kuta za pembeni nyingine zinaishia magotini. Watoto wasiachwe huko hata dakika moja.

Ukimaliza yote haya na nyumba ikapita, sasa fungua begi.

Hatua ya sita: mtaa unaokujua

Mtu wa Lubumbashi analindwa na geti na mbwa. Mji Mkongwe unalindwa na baraza. Ni yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na nyumba, nje ya mlango, ambako wazee wanakaa jioni, wanakunywa kahawa, wanacheza bao, na wanaona kila anayepita. Jioni yako ya kwanza toka nje uwasalimie. Mkubwa kwako umwambie shikamoo, ungoje marahaba, usikimbie kwenye habari. Sema unatoka Kongo, umefikia nyumba ya fulani, utakaa siku tatu. Imetosha. Kuanzia hapo, mtu asiyekujua akisimama mlangoni kwako usiku, kuna mzee atamuuliza anamtafuta nani. Nimefanyiwa hivyo, na asubuhi nikaambiwa habari yote pamoja na nguo alizovaa yule mtu.

Kiswahili chetu watakicheka kidogo, kwa mapenzi. Wewe zungumza tu.

Heshimu na mavazi. Mama zetu na vitenge vyao wako sawa kabisa. Mabega yafunikwe, na kanga moja ya ziada iwe begani ukitoka. Wanaume, kaptura ni ya ufukweni. Chupa ya bia usiibebe mkononi mtaani. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Kula chumbani au penye mgahawa uliofungua kwa pazia. Anayevunja haya anajitenga na baraza, na baraza ndiyo ulinzi wake.

Usiku, Forodhani, bustani ya kando ya bahari, kuna watu na taa, nenda ule samaki na urojo kwa amani, uliza bei kabla ya kuonja. Kurudi ndiko kwenye tahadhari. Baada ya sala ya Isha vichochoro vinaanza kukauka. Pita njia yenye maduka yaliyo wazi hata kama ni ndefu mara mbili. Simu isikae mkononi upande wa barabara, kwa kuwa wa pikipiki hapunguzi mwendo ili kuomba. Ufukwe wa mjini usiku, hapana. Mwanamke akiwa peke yake aite teksi ya dereva anayejulikana na nyumba, na amwombe asiondoke mpaka mlango ufunguliwe. Ukishaingia, kabari chini ya mlango.

Hatua ya saba: mwili ukigoma, au kitu kikipotea

Homa ikikupata Unguja, fanya jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: mwambie daktari, kabla hajakuuliza, kwamba unatoka Kongo. Zanzibar imeipiga vita malaria mpaka ikabaki kidogo sana. Kwetu ni ugonjwa wa kila nyumba. Wewe unaweza kuwa umeibeba kutoka Lubumbashi, ikalipuka ukiwa siku ya tatu kisiwani. Omba kipimo siku hiyo hiyo. Hospitali kubwa ya serikali ni Mnazi Mmoja, iko pembeni kabisa mwa Mji Mkongwe, kwa mguu unafika. Maji ya bomba usinywe, nunua ya chupa na uangalie kizibo.

Namba ya dharura ni 112, na ya zimamoto ni 114. Ziandike kwenye ile karatasi ya anwani.

Ukiibiwa, usimfukuze mtu vichochoroni. Rudi nyumbani, mchukue msimamizi, mwende pamoja kituo cha polisi, na usitoke bila namba ya taarifa yako iliyoandikwa. Pasipoti ikipotea, karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka ubalozi wetu, ambao uko Dar es Salaam, na bila hiyo utazungushwa. Kwa sababu hiyo nakala ya pasipoti itume kwa dada au shemeji aliyebaki nyumbani, na pia ukae na nakala ya karatasi ndani ya begi.

Hatua ya nane: kuondoka

Lipa deni lote jioni ya mwisho, jua halijazama, upewe risiti. Uliza kwa maneno haya: "Kesho alfajiri nani atanifungulia mlango wa mtaani?" Msubirie ajibu jina, na upate namba ya mtu huyo. Boti za asubuhi zinatoka mapema, na nimemwona mama mmoja wa kwetu akigonga mlango kwa ndani, begi kichwani, huku honi inalia bandarini. Panga mabegi usiku ule ule na uyateremshe mpaka chini kabla ya kulala, ili alfajiri ushuke ngazi mikono mitupu, mmoja umeshika tochi na mwingine umeshika ukuta.